Hongera Zisizo na Kazi

Pakiti ile ya sabuni haikuanguka. Najua wapo walioapa kwamba Sindano angeiachia, ipasuke, unga umwagike duka zima. Wapi! Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena, mpaka muuza duka akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni, kama anavyoangaliwa mtu anayetaka kuondoka bila kulipa.

"Dada, unanunua au unasoma?"

Juu ya pakiti palikuwa na mikono miwili inayokamua shuka jeupe, maji yanadondoka, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda kwenda nje. Kidole kile alikichora yeye. Alikichora mezani kwao, Mama amekaa mbele yake ameshikilia shuka, analalamika kwamba mikono imemchoka na chungu kinaungua jikoni.

Wewe unayetufikia leo usihangaike, habari ni hii. Sindano, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wa mwili na ukali wa ulimi, alimaliza chuo akiwa na shahada ya uchoraji wa matangazo. Kazi hakuna. Wenzake wakamwambia siku hizi kazi haitafutwi kwa kuchakaza viatu, inatafutwa mtandaoni, katika ule mtandao wa wataalamu ambako kila mtu amevaa koti na kila mtu "ana furaha kutangaza". Akajiunga. Akapiga picha na koti la kuazima. Huko akajitokeza mama mmoja mwenye tabasamu, afisa ajira wa kampuni ya matangazo, aliyejiita Dada Mwelekezi. Akamsifu, akamfariji, akampa jaribio dogo la usaili: chora pakiti ya sabuni. Sindano akachora usiku na mchana. Jibu likaja tamu kama asali: Umekaribia sana, mdogo wangu, ila safari hii tumempata mwingine.

Mwingine huyo hakuwepo. Walichokipata ndicho hiki, kimepangwa kwenye rafu kati ya viberiti na mishumaa.

"Nipe hii," Sindano alisema.

"Ndogo au kubwa?"

"Yoyote. Zote zangu."

"Hazijawa zako mpaka ulipe," alisema muuza duka, na hakujua amemchoma mtu mahali gani.

Mama alikuwa uani, beseni mbele yake, nguo za watu zimemzunguka. Kufulia watu ndiko kulikomsomesha Sindano toka kalamu ya kwanza hadi joho. Sindano akainama. Akamwekea pakiti mapajani.

Mama akaitazama. Akajifuta mkono wa kushoto kwenye kanga, akautandaza kando ya picha, akalinganisha.

"Huyu si ni mimi?"

"Ni wewe, Mama."

"Mbona ulisema hawakuitaka?"

"Mimi ndiye hawakunitaka. Wewe wamekutaka."

Mama alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkaukia mdomoni. Akaishika ile pakiti kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa chini ya kitanda, akaisukuma mbali na maji yake.

"Iondoe hapa. Nafua nguo za watu, sitaki uchafu."

Sindano akaingia ndani, akafungua simu, akamwandikia Dada Mwelekezi.

"Dada, nimeukuta mchoro wangu dukani. Nieleze."

Jibu halikuchelewa. "Hongera kwa kuendelea kuifuata ndoto yako! Kila kukataliwa ni darasa." Na mwisho wa maneno hayo vijikono vya manjano, vinapiga makofi vyenyewe.

Mtu akikuibia kuku akakimbia, utamlaani na yataisha. Lakini huyu amekaa mlangoni kwako, mafuta ya kuku yanamtiririka kidevuni, anakupongeza kwa ufugaji bora!

Aliandika mara ya pili. Ujumbe haukwenda. Amefungiwa.

Basi akafanya lile ambalo wengi wetu tungelifikiria tukaliacha. Aliweka picha mbili mtandaoni, mchoro wake kushoto, pakiti ya sabuni kulia, na maneno machache chini yake: "Huu niliuchora bure kwa ajili ya usaili. Hii inauzwa madukani. Nani atanieleza? Na nani mwingine yamemkuta?"

Akakaa akisubiri watu wakasirike.

Walikasirika kweli. Walimkasirikia yeye.

"Mdogo wangu, hasira haiandikwi kwenye wasifu," akaandika mwenye koti la bluu.

"Mwajiri gani atakuchukua na mdomo huo?" akaandika mwenye koti jeusi.

"Shukuru kazi yako imeonekana na wengi," akaandika mama mwenye hereni za lulu.

Mmoja aliyejiita Kocha wa Mafanikio akaja na lake: "Mimi nilifanya kazi bure mpaka bure ikanizoea. Leo niko hapa." Hapo alipo ni wapi, hakusema. Watu wakampigia makofi kwa mamia.

Sindano alisoma yote, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyotamani kunawa mikono. Kila neno lilikuwa limepigwa pasi na kupuliziwa manukato, na chini ya manukato palikuwa na uvundo wa kitu kilichooza siku nyingi.

Lakini pembeni, kwenye ujumbe wa siri, simu ikaanza kutikisika.

"Na mimi." Huyu alikuwa msichana wa upande wa pili wa mji, binti wa fundi cherehani, na mtandaoni alijiita hivyo hivyo, Binti Cherehani. "Nilibuni mabegi ya shule. Yanauzwa sokoni. Niliambiwa nimekaribia sana."

"Na mimi," akaandika kijana mwingine. "Maneno yangu yanatangaza bima redioni. Nayasikia kila asubuhi nikipiga mswaki."

Na mimi. Na mimi. Walikuja wengi, wote walikuwa wamekaribia sana. Na karibu wote walimaliza kwa ombi moja: "Tafadhali usinitaje, bado natafuta kazi."

Mtu mmoja tu ndiye aliyepiga simu. Alikuwa Pacha.

Pacha hakuwa ndugu wa damu. Walilala chumba kimoja chuoni, wakala sahani moja, wakafua ndoo moja, mpaka watu wakawaita mapacha, na jina likamganda huyu. Naye hakuwa na kazi. Jioni nyingi walipigiana simu, wakalia pamoja, wakacheka pamoja.

"Mwenzangu, futa hiyo posti," Pacha alisema.

"Niifute kwa nini?"

"Wale watu wana mkono mrefu."

"Wewe umewajulia wapi?"

Pacha akaanza kulia. Alilia kilio cha ndani, cha mtu aliyebanwa na mlango. Na Sindano, masikini, aliyeibiwa ni yeye, akawa ndiye wa kubembeleza.

"Nyamaza, Pacha. Nyamaza. Tutapata tu, wewe na mimi."

Alipokata, simu ikaita tena. Namba ngeni. Sauti nzito, tamu, ya mtu aliyeshiba.

"Binti yangu, mimi ndiye mkurugenzi wa ile kampuni ya matangazo. Njoo kesho asubuhi tuyamalize kiungwana."

Bwana Fursa! Mwenyewe! Mtandao mzima ulimwita hivyo, kwa sababu kila alichoandika kilianza na neno hilo: Fursa! Vijana walimfuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Mapokezi yalikuwa na kochi la ngozi ya bandia, maua ya plastiki yenye vumbi, na ukutani maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu: SISI NI FAMILIA. Hewa ilinuka ile dawa ya kupulizia, harufu ya matunda ambayo hayajawahi kuota juu ya mti wowote.

"Shikamoo," Sindano alisema, maana adabu aliyofundishwa haikujua mwizi na asiye mwizi.

"Marahaba, binti yangu, keti." Bwana Fursa alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kula. Alikunja kona ya kadi yake ya jina, akaanza kujichokonoa meno. "Umetuumiza sana."

"Nyie mmeniibia."

"Kuiba ni neno la mtaani. Sisi tunasema kuvuna vipaji."

"Mtu huvuna shamba alilolipanda mwenyewe."

Bwana Fursa alicheka mpaka kiti kikalia. "Unaona? Ndiyo maana nakutaka. Ulimi kama huo ni mtaji." Akachokonoa jino la nyuma. "Nina kazi kwa ajili yako. Meza yako, mshahara wako, bima ya matibabu, wewe na mama yako. Mama yako bado anafua, sivyo? Mikono ile imechoka. Nimeiona kwenye pakiti."

Sindano aliingiwa na baridi. Lakini msomaji, usimhukumu haraka. Nyufa za vidole vya Mama alizijua moja moja. Alijua ile inayofunguka na kutoa damu kila dawa ya madoa inapozidi, na alijua Mama anavyoificha chini ya kanga wageni wakija.

"Kazi gani?" aliuliza.

"Njoo uone kwa macho."

Wakapita ukumbi mwembamba, wakaingia chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Vijana walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta, bega kwa bega, hakuna aliyeinua kichwa. Kila kompyuta ilikuwa na sura ya mtu. Hii mzee mwenye miwani. Hii kijana mwenye tai. Sindano akalitambua koti la bluu. Akazitambua hereni za lulu. Akamwona na Kocha wa Mafanikio, aliyezoewa na bure, kumbe ni kijana mdogo mwenye chunusi anayekula mkate mkavu huku anaandika.

Ile ghadhabu yote iliyomshukia mtandaoni ilipikwa humu, ndani ya chumba hiki kinachonuka soksi.

Na pale pembeni, kwenye kioo cha kompyuta ya mwisho, lilikuwepo tabasamu la Dada Mwelekezi. Aliyekaa mbele yake alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa anajikuna kisogo kwa kalamu, taratibu, kama anavyofanya mtu mmoja tu duniani.

"Geuka usalimie mgeni," Bwana Fursa alisema.

Akageuka. Pacha!

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, nao hawakuwa na simu wala mtandao.

"Usiniangalie hivyo," Pacha alisema.

"Nikuangalieje?"

"Maneno niliyokuandikia yalikuwa ya kweli. Kila nilipokusifu nilikuwa namaanisha."

"Na kule kulia kwenye simu jana?"

"Hata kile kilikuwa cha kweli."

"Basi nionyeshe cha uongo nikijue, Pacha, maana naona vyote vinafanana!"

Pacha akasimama. Macho yalikuwa makavu. "Unakumbuka ulichomwandikia Dada Mwelekezi kunihusu mimi? Ulisema una rafiki unayemhurumia, hana kipaji, ana bidii tu. Niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Mchoro wako nilikuwa nimeuficha, nilitaka niwaambie haukufika. Nilipoyasoma yale nikaupeleka kwa bosi kwa mkono wangu."

Maneno yale Sindano aliyaandika kweli. Aliyaandika kwa mgeni, gizani, kama mtu anayetema mate dirishani bila kuangalia nani anapita chini. Sasa kinyaa kilikuwa hakijui kimwangukie nani. Kilimzunguka Pacha, kikamzunguka Bwana Fursa, kikarudi kikamwangukia yeye mwenyewe.

"Haya, mmesalimiana," Bwana Fursa alisema. "Kazi ni hii. Dada Mwelekezi mmoja hatoshi tena, vijana ni wengi mno. Wewe utakuwa wa pili. Utakaa hapa, karibu na mwenzako. Unaifuta ile posti, unaandika nyingine kwamba una furaha kujiunga na familia yetu. Basi."

"Bima ya Mama inaanza lini?"

Nani kauliza hivyo? Sindano aligeuka kama aliyeitwa. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa imetoka yenyewe, laini, ya heshima, sauti ya mtu aliyekwisha kubali.

"Leo hii," alisema Bwana Fursa, na akampa kadi yake.

Sindano aliipokea. Kona yake ilikuwa mbichi.

Ndiyo ile ile. Kona iliyotoka katikati ya meno, bado ina unyevu, na ubichi wake ukamgusa kidole gumba. Kadi ikaanguka yenyewe. Sindano akajifuta kidole kwenye mgongo wa kiti cha bosi, akafuta, akafuta tena, vijana wote wanaangalia.

"Siwezi," alisema. "Nitakuwa najitapikia kila siku."

Bwana Fursa hakupandisha sauti. Aliinama, akaiokota kadi yake, akaipuliza vumbi. "Nenda salama, binti yangu. Kabla hujafika nyumbani utakuwa umeshakubali."

Sindano aliteremka ngazi bila kungoja lifti. Alikuwa hajavuka hata barabara simu ilipoanza kutikisika.

Hongera! Hongera sana! Hongera, mwenzetu, umetuvusha!

Akafungua ukurasa wake. Posti yake ya sabuni haikuwepo. Mahali pake palikuwa na picha yake mwenyewe, ile ya koti la kuazima, na maneno: "Nina furaha kutangaza kwamba nimejiunga na familia mpya. Yaliyopita yalikuwa kutoelewana tu. Vijana wenzangu, msiogope majaribio!"

Alijaribu kuifuta. Ukurasa ukamtoa nje. Akaandika paswedi yake. Si sahihi. Akaandika tena. Si sahihi. Paswedi ile alikuwa nayo tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na mtu mwingine aliyeijua alikuwa mmoja tu.

Ujumbe mmoja ulipita kati ya hongera kama mwiba kwenye ugali. Ulitoka kwa Binti Cherehani, safari hii kwenye simu ya kawaida, kwa namba ambayo Sindano mwenyewe alimpa. "Wamekununua. Na sisi je?"

Akampigia. Haikupokelewa. Akampigia tena. Imezimwa.

Nyumbani alikuta majirani wawili wanatoka, wanamshika mikono, wanamwambia amewatoa kimasomaso. Mama alikuwa amesimama katikati ya ua amevaa gauni lake la kanisani na misibani, beseni limefunikwa.

"Kweli, mwanangu?"

"Si kweli, Mama."

Alimweleza yote, la Pacha, la chumba kisicho na dirisha, la kadi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya ndoo.

"Sasa nimefanya nini mimi," alisema. "Yule mteja wa ghorofa ya jirani alipoleta nguo zake sasa hivi, nimemwambia mwanangu kapata kazi, azifue mwenyewe. Na nikamwambia soksi zake zinanuka."

Sindano hakujua acheke au alie. "Zinanuka kweli?"

"Zinanuka tangu mwaka juzi. Nilikuwa nangoja siku ya kusema." Mama akajishika kichwa. "Nimeitumia siku yenyewe bure."

Mlango wa uani ukagongwa. Mara moja, kwa woga.

"Sindano. Ni mimi."

Pacha! Sindano akaruka, akaweka bega mlangoni. "Rudi ulikotoka! Ukikanyaga hapa nitakumwagia maji ya madoa!"

"Nisikilize kidogo tu."

"Nimekusikiliza miezi yote, kwa sura ya mtu mwingine!"

Mama ndiye aliyemsogeza kando. "Fungua mlango. Mtu akija kutapika ukweli, unampa beseni. Mgongo utampa baadaye."

Pacha aliingia ameloa jasho, bado ananuka yale matunda ya ofisini. Hakukaa, wala hakuambiwa akae.

"Shikamoo, Mama."

Mama hakuitikia. Kwa Mama, hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote.

"Paswedi niliitoa mimi," Pacha alisema. "Bosi alisema nisipoitoa atatangaza majina ya watu wote niliowalaghai, na jina langu juu yake. Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kwa sababu ya wale wengine, waliokuandikia kwamba na wao yamewakuta. Ujumbe wao wote uko kwenye akaunti yako, ameusoma. Amewaandikia kwa jina lako. Amewaita ofisini leo, saa kumi. Wanaambiwa wote wanapata kazi kama wewe ulivyopata, ila kwanza wasaini kwamba michoro yao waliitoa kwa hiari yao."

"Hawatakuja. Wananiona msaliti."

"Wanakuja. Hata wanaokuona msaliti wanakuja. Wana njaa, Sindano. Wewe mwenyewe uliuliza bima inaanza lini, na nilikuwa nimekaa pale."

Neno hilo lilimwingia Sindano pabaya, maana lilikuwa kweli.

Akatazama saa ya simu. Ilikuwa inakaribia. Mama tayari alikuwa amesimama, anajifunga kanga kiunoni juu ya gauni la misibani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Hata mimi nina kesi. Mkono ni wangu."

Walipofika wote watatu, mlinzi wa getini alimwona Sindano akapiga saluti. "Hongera, dada! Wafanyakazi hawapangi foleni. Pita, pita na wageni wako." Akawafungulia, tabasamu hadi magego. Kwa mara ya kwanza uongo wa Bwana Fursa ukamfaa mtu mwingine.

Ghorofa ya tatu ilikuwa imebadilishwa. Lile kochi limeondolewa, viti vya plastiki vimepangwa, na vijana wamejaa, makoti ya kila rangi, mengine mikono mirefu, mengine yanabana, yote ya watu wengine. Mbele palikuwa na meza yenye karatasi na kalamu. Bwana Fursa alikuwa amesimama na kipaza sauti, jasho linamng'aa shingoni.

Alimwona Sindano mlangoni. Pazia la hofu likampita usoni, likatoweka. Yule bwana alikuwa fundi.

"Na huyu hapa mwenyewe!" alipaza sauti. "Mnamjua! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Makofi yalikuwa mengi na makavu, ya watu wanaompigia mtu wasiyempenda kwa sababu wanakitaka alicho nacho. Sindano alipita katikati yake kama anayepita kwenye mvua ya mate.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele hakupiga. Alikuwa na begi la kitambaa mapajani, limeshonwa kwa ustadi wa ajabu, na kalamu mkononi. Binti Cherehani. Alimwangalia Sindano kama mtu anavyoangalia unywele kwenye maji ya kunywa.

"Ulituuliza nani mwingine yamemkuta," alisema, si kwa sauti kubwa. "Kumbe ulikuwa unahesabu kondoo wa tajiri."

"Umesaini?"

"Nimesaini. Kwa sababu yako."

Sindano alitaka kumwambia hapana, si hivyo, ngoja. Lakini Bwana Fursa alikuwa ameshafika, mkono wake mzito umemkaa begani, kipaza sauti kimesukumwa kiganjani. Kilikuwa na joto na unyevu wa mdomo wake.

"Sema nao, mwanangu," alinong'ona, asali imerudi. "Waambie ulivyoanza. Fikiria mikono ile, halafu sema."

Kule nyuma Mama alikuwa amesimama mbele ya maandishi ya dhahabu. Alikuwa ameikunja mikono kifuani, na hakumpa mwanawe ishara yoyote. Alimwachia.

Sindano alikifuta kipaza sauti kwa upindo wa sketi, polepole, kichwa hadi mpini, mbele ya watu wote. Kisha akakisogeza mdomoni.

"Mnayemwona kwenye picha ni mimi," alisema. "Maneno ya chini yake si yangu. Na kazi sina."

Binti Cherehani akaiangusha kalamu kama aliyeungua.

"Mwenye karatasi asiiache, mwenye kalamu asi..."

Kipaza sauti kikafa. Mtu amechomoa waya. Papo hapo, mlangoni, kukasikika ufunguo ukizunguka ndani ya kitasa, mara moja, mara ya pili.

Vichwa vyote viligeuka. Pacha alikuwa ameegemeza mgongo mlangoni, ufunguo umefumbwa ndani ya ngumi. Alikuwa ndani pamoja nao. Hakumwangalia Sindano. Alikuwa anamwangalia bosi wake na zile karatasi zilizosainiwa mezani.

Bwana Fursa akaachia bega la Sindano.

"Wewe," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na chembe ya sukari, "nani amekutuma ufunge?"